Baiskeli ya injini na umeme wake: dinamo inachaji nini, na haichaji nini

Kila baada ya muda huzuka video mpya mitandaoni: kijana kachukua baiskeli ya kawaida, kaifunga mota na betri, kisha kwenye gurudumu la nyuma kaweka dinamo. Msimuliaji anasema baiskeli ile "inajichaji yenyewe" na haitahitaji mafuta wala umeme wa ukutani maisha yake yote. Chini yake watu wanagawanyika. Wapo wanaouliza serikali inasubiri nini kumpa mtaji, na wapo wanaocheka. Lakini kuna kundi la tatu, na hao ndio ninaowaandikia hasa: wana baiskeli zao walizozifunga injini ndogo ya petroli, wanataka taa ya kuonea usiku na mahali pa kuchajia simu, na sasa hawaelewi kama wanachokitaka kinawezekana au nacho ni hadithi tupu.

Kinawezekana kabisa. Kisichowezekana ni kile cha kwenye video. Vyote viwili vinatumia dinamo, vyote viwili vina betri, ndiyo maana vinachanganywa. Kinachovitenganisha ni swali moja ambalo msimuliaji huwa haulizwi: nguvu ya kuzungusha hiyo dinamo inatoka wapi?

Kwanza tuelewane kwa maneno

Fikiria nyumba yenye tangi la maji juu, pampu chini kisimani, na boya ndani ya tangi. Dinamo ndiyo pampu na betri ndiyo tangi. Volti ni presha ya maji, ampia ni wingi wa maji yanayopita kwenye bomba kwa wakati mmoja. Ukizidisha volti kwa ampia unapata wati, yaani kasi ya kazi inayofanyika. Ampia-saa zilizoandikwa ubavuni mwa betri ni ukubwa wa tangi. Boya, lile linalofunga maji tangi likijaa, ni regyuleta. Na ile valvu inayozuia maji yasirudi kisimani pampu ikizimwa, kwenye umeme kazi hiyo hufanywa na dayodi, kidude kidogo kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu.

Mfano huu una jambo moja la kushika: pampu haitengenezi maji. Inayatoa mahali na kuyapeleka mahali, na kufanya hivyo kunakula nguvu.

Dinamo nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, umeme hutokea ndani ya waya. Taa ya baiskeli ya babu, chaji ya bodaboda na mitambo mikubwa ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, vyote vinasimama juu ya jambo hilo moja. Ila kuna upande wake wa pili ambao hausemwi sana. Umeme ule ukianza kutumika, koili huanza kuikataa sumaku. Ukitaka kuliona hili kwa mikono yako, chukua mota yoyote ya sumaku iliyotolewa kwenye printa mbovu au toi. Zungusha ekseli yake kwa vidole huku nyaya zake mbili zikiwa hazigusani. Inazunguka bila tabu. Sasa gusanisha nyaya hizo mbili, uzungushe tena. Imekuwa nzito ghafla, na ukizitenganisha inarudi kuwa nyepesi. Uzito ule ndio bei ya umeme. Kila wati inayotoka kwenye waya lazima vidole vyako viilipe, tena kwa ziada, maana sehemu inapotea kwa joto na msuguano.

Kwa nini baiskeli ya umeme haiwezi kujichaji

Sasa ile video ni rahisi kuihukumu. Betri inazungusha mota, mota inazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha dinamo, dinamo inarudisha umeme kwenye betri. Tuseme betri imetoa wati 100. Mota nzuri itageuza wati 80 hivi kuwa mwendo, nyingine zinakwenda kwenye joto. Hata kama hizo 80 zote zingekwenda kwenye dinamo na baiskeli isisogee hata hatua moja, dinamo yenye ubora kama huo ingerudisha 64. Betri nayo haipokei kila inachopewa, kwa hiyo pengine 55 ndizo zinazobaki. Umetoa 100 umerudishiwa 55, na bado hujambeba mtu. Kuongeza dinamo ya pili hakusaidii. Kunaongeza uzito ule ule wa ekseli ulioushika kwa vidole, mara mbili. Baiskeli yenye dinamo hiyo itaishiwa chaji mapema kuliko isiyo nayo.

Ndiyo maana kampuni zinazoendesha pikipiki za umeme, kama Ampersand kule Kigali na Nairobi, zimewekeza kwenye vituo ambavyo dereva huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Wahandisi wao wanazijua dinamo. Kama dinamo ya shilingi elfu chache ingemaliza kazi, hakuna ambaye angejenga kituo.

Watu huuliza: mbona magari ya umeme huchaji yakifunga breki? Ni kweli. Gari likiteremka mlima au likipunguza mwendo, mota yake hugeuka dinamo na kurudisha umeme. Lakini hapo linaokota sehemu ya nguvu ambayo betri ilishaitoa wakati wa kupanda au kuongeza kasi, nguvu ambayo vinginevyo ingeishia kwenye breki kuwa joto. Ni kuokoa, na kila mara kinachookolewa ni pungufu ya kilichotumika.

Kwenye injini ya petroli hesabu inabadilika, kwa sababu nguvu inatoka nje ya mzunguko: inatoka kwenye tangi la mafuta. Hapo dinamo inafanya kazi halali kabisa ya kuchukua kipande kidogo cha nguvu ya petroli na kukigeuza umeme. Wanaosema "chaji ya injini ni ya bure" nao wanakosea, ila kosa lao ni dogo. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban uniti 9, hizi hizi za luku. Injini ndogo hupoteza sehemu kubwa kwa joto, dinamo na mkanda hupoteza tena, na mkononi unaweza kubaki na nusu uniti au zaidi kidogo. Kujaza betri ndogo ya taa hakufiki hata robo lita. Kwenye mafuta ya kutwa huwezi kuiona tofauti.

Unahitaji umeme kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanaporuka, wakaenda moja kwa moja dukani kununua kitu kikubwa. Keti kwanza uhesabu. Taa ya mbele ya LED inayotosha barabara ya vumbi inakula wati 6 hadi 10. Ya nyuma, wati 1. Kuchaji simu, wati 5 hivi. Honi ya pikipiki inaweza kuvuta wati 30 au 40, ila ni kwa sekunde moja, kwa hiyo betri ndiyo inayoibeba na wala isikusumbue kwenye hesabu ya kuchaji. Jumla yake, mtu wa kawaida anahitaji wati 15 za mfululizo.

Betri inayopatikana kirahisi ni ile ya risasi na asidi, iliyofungwa, ya volti 12 na ampia-saa 7, inayotumika kwenye UPS za kompyuta na ving'ora. Zidisha: 12 mara 7 ni wati-saa 84 (wati-saa moja ni wati moja ikitumika kwa saa nzima). Betri za aina hii zikikaushwa kila siku hufa haraka, kwa hiyo panga kutumia nusu tu, wati-saa 42. Kwa taa ya wati 10 hizo ni saa nne za mwendo wa usiku.

Ukishapata namba hizo, swali la kwanza si dinamo gani ununue. Swali ni kama unaihitaji. Mtu anayetoka kazini saa moja jioni na kufika nyumbani saa moja na nusu atatumia wati-saa 5 au 6. Akiichomeka betri yake kwenye chaja ya ukutani mara moja au mbili kwa wiki, amemaliza, na kila anapochomeka hatumii hata sehemu ya kumi ya uniti. Kwangu mimi, kwa watu wengi hili ndilo jibu sahihi, na linawaepusha na mikanda, vyuma vya kuchomelea na waya za kuungua. Mfumo wa kuchaji unamfaa anayeshinda barabarani, anayepeleka mizigo usiku, au anayeishi ambako umeme wa ukutani haujafika.

Umeme uutoe wapi

Chanzo cha kwanza kinachowavutia watu ni waya mweupe. Injini za viharusi viwili zinazouzwa kwenye boksi kwa ajili ya kufungwa katikati ya fremu ya baiskeli hutoka na nyaya tatu kwenye koili yake: mweusi, wa buluu na mweupe. Wa buluu na mweusi ndio unaolisha kidude cha kuwashia plagi. Mweupe unasemwa kuwa ni wa taa, na mtu akiuona anafurahi. Usitegemee. Koili ile ni moja, imetengenezwa kwa ajili ya cheche, na inachoweza kugawa ni wati chache mno. Ukiuvuta umeme kupitia waya mweupe, cheche inadhoofika, injini inaanza kukohoa kwenye mlima; na waya huo ukigusa bodi, injini inazimika. Mafundi wazoefu huufunga kwa tepu tangu siku ya kwanza na kuusahau.

Chanzo cha pili ni dinamo ya baiskeli, ile ya kugusa tairi au ile ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Imeandikwa volti 6 na wati 3, yaani nusu ampia. Tabia yake ni tofauti na watu wanavyodhani. Ukienda kasi zaidi haiongezi ampia. Zinabaki pale pale karibu na nusu. Kinachopanda ni volti. Baiskeli ya injini inakimbia mara mbili ya baiskeli ya kanyagio, kwa hiyo dinamo hiyo hiyo inaweza kusukuma nusu ampia kwenye betri ya volti 12, na ukapata wati 6 badala ya 3. Hiyo ni habari njema. Mbaya ni kwamba ukiiacha bila kitu cha kulisha, volti zake zinaweza kupanda hadi makumi, na hapo ndipo balbu na vichaja vya simu vinapokufa bila mtu kuelewa kwa nini. Kwa wati 6, kujaza zile wati-saa 42 ni saa saba za mwendo au zaidi. Inatosha taa moja ndogo au simu, si vyote kwa pamoja. Haitoshi zaidi ya hapo, na kwenye matope ile ya kugusa tairi huteleza.

Cha tatu, na ndicho ninachokipenda, ni kutumia mota ya sumaku kama dinamo. Mota za skuta ndogo za umeme, za volti 24 na wati 250, hupatikana kwenye maduka ya vyuma chakavu vya elektroniki. Ubavuni zimeandikwa mizunguko yake kwa dakika, mara nyingi 2,650. Namba hiyo ndiyo siri yake: mota inayohitaji volti 24 ili kuzunguka mara 2,650 na zaidi kidogo ikiwa tupu, ukiizungusha wewe kwa kasi hiyo itakupa karibu volti hizo hizo. Nusu ya kasi, nusu ya volti. Betri ya volti 12 haianzi kupokea mpaka uipite presha yake mwenyewe, kwa hiyo chini ya mizunguko 1,500 hivi hutapata kitu. Karibu na 2,000 chaji inaanza kuwa ya maana. Hapo unachagua puli zako ili injini ikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida mota izunguke 2,000 hadi 2,500. Fundi asiyeijua hesabu hii hufunga puli yoyote aliyoipata, halafu anailaumu mota.

Alternator ya gari wengine huiona kama ndiyo suluhisho la kiume. Ina kilo kadhaa za uzito. Haina sumaku ya kudumu, kwa hiyo inakula makumi ya wati kuilisha koili yake ya ndani kabla haijakupa chochote. Ikitoa ampia 60 kwa volti 14 ni wati 840, ambazo ni zaidi ya nguvu ya farasi mmoja (wati 746), na kuzipata hizo inahitaji kuzungushwa kwa nguvu kubwa kuliko hapo. Injini ya baiskeli ina farasi mmoja na nusu au wawili. Betri ikiwa tupu, alternator itaishika injini mpaka izime.

Kati ya dinamo na betri

Hapa ndipo vitu vinapoungulia, na hapa ndipo naomba usome polepole.

Dinamo ya baiskeli na koili ya pikipiki hutoa umeme unaogeuka upande kila mara, mbele na nyuma. Betri haiutaki huo. Inataka unaokwenda upande mmoja. Kwa hiyo unapitishwa kwenye dayodi nne zilizopangwa pamoja, ambazo huuelekeza wote upande mmoja. Hiyo ndiyo rektifaya. Mota ya sumaku yenye brashi (vipande vya kaboni vinavyogusa sehemu inayozunguka ndani yake) haihitaji hizo nne, kwa sababu brashi zake tayari zimeunyoosha. Inahitaji dayodi moja nene kwenye waya wa chanya. Ukiisahau dayodi hiyo utaigundua siku ya kwanza: unazima injini, na betri inaanza kuizungusha ile mota. Kama mkanda umekaza, mota inasukumana na injini iliyosimama, waya zinapata moto, na asubuhi betri iko mfu.

Baada ya hapo linakuja boya letu. Injini ikipiga kelele, volti za mota zinaweza kufika 25 au 30. Betri ya risasi ya volti 12 inataka kuchajiwa kati ya 13.8 na 14.4. Ikipewa zaidi kwa muda mrefu inachemka ndani, inapoteza maji yake, inavimba. Wengi hukimbilia regyuleta ya bodaboda kwa sababu ni rahisi na iko kila mtaa. Kwa koili ya pikipiki ni sahihi, maana imetengenezewa hiyo. Kwa mota yenye brashi ni hatari. Regyuleta nyingi za pikipiki, volti zikizidi, huigusanisha koili yenyewe kwa yenyewe ili umeme usifike kwenye betri, na huachia umeme unapogeuka upande. Umeme wa mota ya brashi haugeuki. Regyuleta ikishagusanisha haiachii tena, na mota, regyuleta na waya vyote vinapata joto pamoja. Kwa mota tumia kibadilisha volti cha kushusha, kile kibao kidogo cha elektroniki chenye skrubu za kupangia, kinachostahimili volti 40 na kinachoweza kudhibiti volti pamoja na ampia. Kipange volti 14 na ampia 1 au 2 kabla hujaunganisha betri. Dayodi ikae kati ya kibao na betri, na volti uzipime upande wa betri kwa kuwa dayodi inakula kidogo.

Betri za lithiamu, hasa zile seli za duara zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa, zina masharti mengine. Kila seli haitakiwi kupita volti 4.2, na inahitaji bodi yake ya ulinzi inayoangalia seli moja moja. Mfumo uliopangwa kwa betri ya risasi hauijui seli ya lithiamu, na seli iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuwaka. Kwenye baiskeli hii betri inakaa sentimita chache kutoka kwenye tangi la petroli, katikati ya miguu yako. Usifunge seli za kuokota humo. Nimesema.

Kwa sababu hiyo hiyo ya petroli, fyuzi si pambo. Hata betri ndogo ya ampia-saa 7 ikipigwa shoti inaweza kumwaga ampia nyingi kiasi cha kuufanya waya uwe mwekundu kwa sekunde chache. Fyuzi ya ampia 5 au 7.5 ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, kabla waya haujagusa fremu popote. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi. Ule mgumu wa nyumbani wenye uzi mmoja hukatika ndani kwa mtikisiko, na kwa nje hauonekani.

Kupima

Dhana nyingine iliyozoeleka ni kwamba taa ikiongezeka mwanga injini inapolia, basi betri inachaji. Si lazima. Taa inaweza kung'aa kwa volti ambazo zinaiua, na inaweza kung'aa vizuri tu huku betri ikiendelea kushuka taratibu. Mita ya bei ya chini kabisa inatosha kukata ubishi. Weka ncha zake kwenye vichwa vya betri injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika: iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.8, iliyokaribia kuisha 12.0. Washa injini, ipandishe mpaka mwendo wa kati, washa na taa. Ukisoma kati ya 13.5 na 14.4, inachaji huku taa ikila. Ikibaki pale pale ilipokuwa, au ikishuka, dinamo haifikishi: angalia mkanda kwanza, kisha dayodi kama imefungwa kinyume, kisha puli. Ikipita 15, zima na uchomoe kabla ya kitu kingine chochote.

Rudia kipimo hicho wiki ya kwanza kila siku. Mkanda mpya hulegea, skrubu za vibao hujifungua kwa mtikisiko, na volti 14 ulizozipanga Jumatatu zinaweza kuwa 16 ifikapo Ijumaa. Ukishaona zimetulia, dondoshea rangi ya kucha juu ya skrubu ya kupangia ili isisogee.